Mbegu Tulizokula Chini ya Kamulima

Nilijificha nyuma ya jiwe nikajifanya Mungu. Nalisema mapema, kabla hujaanza kunipenda, kwa maana huwa napendwa haraka: nachekesha, nina meno mazuri, na shuleni hakuna mwalimu ambaye sijaiga mwendo wake mpaka darasa likatoa machozi. Hakuna aliyenituma. Hakuna pombe ya kusingizia wala shetani. Shetani mwenyewe mwaka ule nadhani alikuwa ameshahama mji kwenda kutafuta chakula kama watu wengine.

Mlima wenyewe si kitu cha kujivunia. Ukitoka Lubumbashi kwa njia ya Kasomeno, ukatembea nusu siku, ukaiacha barabara na kuingia porini, utakutana na vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba ya bosi. Utapita kichuguu, kichuguu, kichuguu, halafu kimoja kitakataa kuisha. Hicho ndicho mlima. Wenyeji waliuita kamulima, kwa ule udogo wake, kama mtu anavyoitwa kamutoto hata akiwa na ndevu. Mgongoni una miti ya masuku, yale matunda ya porini yenye ngozi ngumu na utamu wa kulamba vidole. Kichwani ni mawe matupu, na kati ya mawe mawili makubwa kuna ufa ambao mtu mwembamba anaweza kupenya. Mwaka ule sote tulikuwa wembamba. Ukisema kitu ndani ya ufa ule, sauti inaingia ya mtoto, inatoka ya mtu mwenye mshahara.

Sisi hatukuwa watu wa huko. Tulikuwa watu wa mji, watoto wa kampani. Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba, na king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa saa ya nyumba yetu. Kikilia, baba anaondoka. Kikilia tena, baba anarudi. Na mwisho wa mwezi lori linashusha posho, mfuko wa unga, mbele ya mlango. Halafu asubuhi moja king'ora hakikulia. Niliuliza kama na chenyewe kimeomba likizo. Baba alikaa kitandani na viatu vya kazi miguuni, akisikiliza, mpaka jua likapanda.

Mshahara ulikuwa umekoma zamani. Sasa posho nayo ikakoma. Kisha askari, ambao nao hawakulipwa, waliingia mjini wakajilipa wenyewe kwenye maduka, na watu wakaingia nyuma yao kuokota kilichobaki. Nilimuona jirani yetu, shemasi wa kanisa, akirudi na mlango wa friji. Friji ilikwenda na mtu mwingine. Yule mfanyabiashara wa kutoka Kivu aliyekuwa akituuzia samaki wa chumvi na viatu alikaa siku nzima mbele ya duka lake tupu, mikono ameikunja, na watu walipita wakimsalimu kwa heshima, wamevaa viatu vyake.

Shule ilifuata. Walimu hawakulipwa, kwa hiyo wazazi waliambiwa wawalipe wao, na asiye na falanga alete mahindi. Sisi hatukuwa na hili wala lile. Préfet, mkuu wa shule yetu, mtu mwenye tumbo la zamani na suti ya zamani zaidi, alisimama mbele ya safu zetu akatuamuru tusiolipiwa turudi nyumbani. Akamalizia kwa lile neno la kifaransa analotawanyia safu kila asubuhi: “Rompez!” Alilitoa puani, akiikokota ile r kama mtu anayesukutua. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shuleni mwaka ule.

Jioni nilimkuta mama amekaa mbele ya mbabula baridi, lile jiko letu la makaa, makala hayajawashwa kwa kuwa hakukuwa na cha kupika. Nikaingiza mto ndani ya shati, nikamsimamisha dada yangu mdogo wima kama mwanafunzi, nikaikaripia mbabula, halafu: “Rompez!” Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo nyumba ikiwa nzito aliniambia, “Lete préfet.” Nami nilimleta, na tumbo lake na kila kitu.

Ikaamuliwa baba abaki mjini. Nyumba ilikuwa ya kampani, na nyumba isiyo na mtu iliingiwa siku hiyo hiyo. Pia, hakusema lakini tulijua, alikuwa bado anangoja king'ora. Kila asubuhi alivaa kofia ya kazi akaenda kukaa na wenzake mbele ya geti lililofungwa. Mama, dada yangu na mimi tulikwenda kulima chini ya kamulima, ambako sultani wa kijiji aliwagawia watu wa mji vipande vya pori.

Mama alibeba mbegu za mahindi ndani ya bidon ya plastiki, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Alizipata kwa kutoa kitenge chake cha ndoa. Bidon ile ndiyo ilikuwa maisha yetu yote. Mvua ikinyesha, mbegu zinaingia ardhini. Mahindi yakikomaa, gunia moja kwa walimu, mimi narudi shule. Mengine kwa baba. Mengine yanatufikisha mwaka mwingine. Mama alilala nayo chini ya kichwa. Na majivu yale yalikuwa na kazi ya pili: mkono ukiiba humo unatoka mweupe. Kila asubuhi alitukagua viganja.

“Onyesha mikono.”

“Ba mama, miye ni mutoto muzuri.”

“Muzuri ni baba yako. Weye onyesha mikono.”

Shamba lilikuwa tayari, matuta yamekaa vizuri, na mvua haikuja. Jua lilishuka kila siku kama linatuchunguza. Tulikula majani ya viazi, tukala masuku, tukala majani ya viazi. Dada yangu alianza kuvimba miguu na nywele zake zikageuka rangi ya kutu. Nilimwita muzungu. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye aliniangalia tu, kama mtu anayemtazama mtu kupitia dirisha.

Jirani yetu wa shamba alikuwa mama mmoja mwenye mapacha, ndiyo maana kila mtu alimwita Mama Mapasa, jina la heshima la mama wa watoto wa namna hiyo. Mume wake alikwenda kuchimba mawe ya shaba mbali, habari zake zikakauka. Mama Mapasa alilima na mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, na akiinuka kunyoosha kiuno watoto walilia kwa zamu, kama walipanga. Naye alikuwa na mbegu zake, kwenye chungu chenye majivu. Alinipenda. Aliniita “mwalimu”, kwa sababu nilimsomea maandishi ya kwenye magunia.

Sasa, mjini kwetu watu wakizidiwa hupanda mlima kuomba. Si wa kanisa moja tu. Karibu kila kanisa lina mlima wake. Kamulima chetu kilikuwa cha watu wa maombi waliovaa nguo nyeupe, na kiongozi wao, waliyemwita mutumishi, zamani alikuwa dereva wa kreni kwenye kampani. Desturi yao ni hii: wanapanda pekupeku, wanakaa mbele ya yale mawe mawili bila kula, kisha wote kwa pamoja wanalia mahitaji yao kwa sauti, kila mtu lake, kelele kama soko linaloungua. Halafu mutumishi anainua mkono, wote wananyamaza, wanangoja neno. Hakuna kushuka wala kutia kitu mdomoni mpaka neno litoke. Kwa kawaida neno lilitoka kwa mutumishi mwenyewe, hasa akichoka. Lakini safari ile, ya kuomba mvua, aliapa kwamba hatafungua kinywa: mlima utasema wenyewe.

Mama naye alijiunga.

“Kufunga tena?” nilimwambia. “Shiye tunafungaka tangu posho ilikwisha.”

“Ile ni njaa. Hii ni kufunga.”

“Tofauti iko nini?”

“Kufunga, unamuambia Mungu mbele.”

Akaniachia dada yangu na bidon, akapanda na Mama Mapasa. Jua likazama, likatoka, hawakushuka. Likazama tena. Sauti zao zilikuwa zinatufikia kule chini, kelele halafu kimya, kelele halafu kimya. Siku iliyofuata dada yangu alikataa masuku. Nilimmenyea, nikamwekea mdomoni, likadondoka lote. Nikafungua bidon. Nikatazama mbegu. Nikaifunga, kwa sababu niliyaogopa majivu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Utaona ushahidi wake sasa hivi.

Nilimlaza kivulini, nikapanda kwa upande wa nyuma kutafuta masuku yaliyoiva zaidi. Ndivyo nilivyojikuta ndani ya ufa. Nilijibana, nikachungulia. Wako pale, mbali kama hatua chache tu, vichwa chini, midomo imepasuka. Watoto wa Mama Mapasa hawalii tena. Mutumishi akainua mkono. Kimya kikaanguka.

Nikafikiri hivi, na nilifikiri haraka: wakishuka, mama atapika. Cha kupika kiko kimoja tu. Nilikijua. Nikakohoa kidogo kama préfet, nikaingiza hewa tumboni.

“Watoto wangu,” nikasema, na jiwe likaichukua sauti yangu likaifanya kitu kingine kabisa. “Kufunga kwenu nimekuona. Inatosha. Mushuke. Mukule. Mulishe na batoto.”

Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu ulikuwa na mazoea yake. Ukishamleta préfet lazima amalize kama préfet.

“Rompez!”

Nilisikia mtu anaanguka. Mwingine akaanza kulia. Mutumishi alikuwa ameinama mpaka paji la uso linagusa jiwe. Mimi nilijiuma mkono nisicheke, na nusu ya kicheko kile ilikuwa hofu. Kisha nikamuona mama. Yeye peke yake hakuinama. Alikuwa ameinua uso, anautazama ufa, moja kwa moja, kwa muda mrefu. Nilifumba macho, kwa imani kwamba nisipomuona hataniona.

Mama Mapasa ndiye aliyesema kwanza. “Tukule nini? Kuko mbegu tu.”

“Mbegu ni ya kupanda,” mutumishi akanong'ona. “Labda tungoje, ba mama. Labda ataeleza.”

Halafu sauti ya mama, ya kawaida kabisa, kama anayeongea kisimani: “Ataeleza nini tena? Shiye bote tumesikia. Amesema tukule. Kile kiko, njo tutakula.”

Wakashuka.

Waliwasha moto mmoja chini ya kamulima, kila mmoja akaleta alichoficha. Mama alimwaga mbegu kwenye karai, akaziosha, maji yakawa ya kijivu, akazibadilisha maji, yakawa ya kijivu tena. Hatukuwa na kinu, zilichemshwa nzima nzima mpaka zikapasuka. Watu waliimba. Mutumishi alitafuna akilia. Mama Mapasa alitafuna kwanza mwenyewe halafu akawatemea watoto wake vinywani, mmoja, mwingine, mmoja, mwingine. Dada yangu alikula, akatapika, akala tena, na tukamshangilia kama amefunga goli.

Mama alinipakulia mimi wa kwanza, kabla hata ya mutumishi. Nilidhani ni mapenzi.

Tulikula hivyo mpaka bidon ikabaki majivu. Halafu mvua ikanyesha. Kubwa, nene, mvua ya matusi. Mutumishi akapiga magoti kwenye tope akasema mmeona, kisha akaenda mjini kushuhudia, na hakurudi. Wenyeji, ambao hawakupanda mlima na hawakusikia sauti yoyote, walitoka na mbegu zao asubuhi ile ile wakapanda. Shamba letu lilikaa pale, matuta meusi mazuri, maji yanametameta kati yake, bila kitu ndani. Mama alilitazama kidogo tu. Akachukua jembe akaenda kulima mashamba ya watu ili alipwe mihogo.

Wengine wa mji walirudi mjini. Mama Mapasa hakuwa na nyumba ya kurudia. Alikuja kwetu mchana mmoja, mvua inadondoka kwenye nyasi za paa, mtoto mmoja anapumua kwa kelele kama mlango mbovu. Mama alikuwa ameenda kulima. Akaniita nje.

“Mwalimu. Weye njo unajua kifaransa. Ile neno ya mwisho, ile Mungu alisema. Maana yake nini?”

Nilikuwa na nafasi yangu. Ilisimama pale mbele yangu, ikaloa. Ningeweza kusema: ile si neno la Mungu, ile ni ya préfet, na préfet ni mimi. Badala yake nilijibu kama mwanafunzi mzuri, sahihi kabisa, ningepata pointi zote.

“Ni kusema mutawanyike. Kila mutu aende.”

Akatingisha kichwa polepole. “Aah. Kumbe alisema yote, na shiye tulishika nusu tu.” Akacheka kidogo, kwa kujilaumu. “Njo maana hapa hakuna kintu inakubali. Alituambiaka tutoke.”

“Utaenda wapi?”

“Kasomeno. Kule kuko ndugu ya mama yangu.”

“Ni mbali, ba mama. Na hii mvua…”

“Kama ni Yeye anatuma, njia ataifupisha.”

Aliondoka kesho yake, mmoja mgongoni, mwingine kifuani, sufuria kichwani. Mama alimpa mihogo yote ya siku ile. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani, nikachekesha njia nzima. Niliiga mutumishi, niliiga mbuzi, niliiga sultani akikohoa. Yeye alicheka kila kitu. Sikumuiga préfet.

Baada ya majuma kadhaa alipita muuza makala, mmoja wa wale wanaosukuma baiskeli yenye magunia marefu kuliko wao, akitokea upande huo. Mama alimuuliza kama amekutana na mama mwenye mapacha.

“Mapacha hapana,” akasema huku akifunga upya kamba zake. “Nilikutana na mama mumoja, ana sufuria ku kichwa. Mutoto eko mumoja, mu mugongo. Mbele hakubeba kintu.”

Mama alisema ahsante. Akaingia ndani. Muuza makala akaomba maji, nikampa.

Dada yangu alipona. Sijui kama ni mbegu zile au uyoga uliokuja na mvua. Baba aliuza mabati ya jikoni na kitanda chake, akapeleka kwa walimu kilichopatikana, nami nikarudi shule. Niko huko mpaka leo, mwaka wa tano. Préfet yuko bado, suti imebaki, tumbo limekwenda. Bado naiga watu wote. Kila asubuhi akitawanya safu mimi natazama viatu vyangu, na wenzangu wanadhani najizuia kucheka.

Lakini kabla ya kurudi mjini, mahindi ya wenyeji yalipokuwa yanatoa ndevu, mama na mimi tulipanda kamulima kutafuta uyoga. Mvua ilikuwa imeosha hewa. Kutoka juu tuliona vichuguu vyote, mashamba ya kijani ya watu, shamba letu jeusi, na mbali kabisa shemine ya kiwanda, lile bomba refu la moshi, imesimama bila moshi, kama kidole cha mtu aliyesahau alichotaka kuonyesha. Baba alikuwa chini yake mahali fulani, na kofia yake. Tukakaa mbele ya mawe mawili. Mama alikuwa anakwangua udongo kwenye uyoga kwa kisu. Nikakumbuka kwamba tangu siku ile ya sauti, hata nyumba ilipokuwa nzito kiasi gani, hakuwahi tena kuniambia “Lete préfet.”

Nilikuwa nimetayarisha namna ya kulisema kwa mzaha. Mzaha haukutoka. Nikaonyesha ufa kwa kidole.

“Ba mama, ile siku ni miye nilikuwa mule. Mungu hakusemaka kintu. Mama Mapasa aliniuliza, nikamuacha aende. Ni miye.”

Alimaliza kukwangua uyoga ule, akauweka kikapuni, akachukua mwingine. Hakuinua macho.

“Nilikujua tangu ile rompez yako,” mama akasema. “Lakini kama si weye, ni nani tena angenipatia ruksa ya kula mbegu?”